Tyubu Iliyosuuzwa Mara Saba

Koti langu la kwanza la maabara alinishonea dada yangu. Kabla ya hapo alikuwa amenishonea kila kitu: kaptura za shule ya msingi, kanzu za Idi, suruali niliyoendea mitihani. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Dada, aliyenizidi miaka minane, aliacha masomo akakaa nyuma ya cherehani ili mimi niendelee kukaa nyuma ya dawati. Alishonea kwenye baraza ya duka moja la vitambaa pale mtaa wa Asiatique, mguu juu ya pedali, pini mdomoni, na aliweza kumkaripia mteja, kunitania mimi na kukunja pindo kwa wakati mmoja, pini zisianguke. Lile koti alilitia mifuko miwili mikubwa. "Muganga bila mifuko, akili ataiweka wapi?" akaniuliza.

Nalitaja koti mapema kwa sababu ndilo nililokuwa nimevaa siku nilipoimwaga damu yake kwenye sinki.

Vita vilikuwa vimeshazoeleka, kama kuna watu wanaoweza kuzoea vita, na juu ya vita vikaja vikwazo, ambavyo sisi wote tuliviita ambargo. Mipaka ilifungwa. Petroli ikawa ya kuviziwa, sukari ikawa ya kunong'onezana. Kwenye kliniki ndogo niliyofanyia kazi, hatua chache kutoka baraza ya dada, kilichokuwa adimu kuliko vyote ni tyubu, vile vichupa vyembamba vya kioo tunavyotilia damu. Zamani tulizitumia mara moja tukazitupa. Sasa tyubu iliyopasuka ilitufanya tuache kazi wote, tukaitazama sakafuni.

Kwa hiyo tukawa tunaziosha. Kazi hiyo alipewa mama mmoja mjane, mtu mzima wa umri wa shangazi zangu, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyoingia ndani ya kila kitu. Alizilaza kwenye maji ya javeli, dawa ya kuulia vijidudu, akazisugua kwa brashi na sabuni, kisha akazisuuza moja moja, akihesabu kwa Kirundi chini ya pumzi: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, indwi. Mara saba. Hakuna aliyemwambia mara saba. Alijiwekea mwenyewe, na ukimsemesha katikati alianza upya. Mimi, kijana mwenye diploma, nilikuwa nikimsemesha makusudi ili nicheke.

Hapa niseme jambo moja la kazi yetu. Vipo vipimo ambavyo damu lazima ibaki maji, na kwa hivyo tulitia kwanza tone la dawa inayoitwa sitrati, inayozuia damu kuganda. Vipo vingine ambavyo damu lazima igande, ndipo uchukue yale maji ya manjano yanayojitenga juu. Zamani tyubu za namna hii na za namna ile hazikukutana. Wakati wa ambargo zote zililala karai moja. Hofu yangu ilikuwa kwamba siku moja sitrati itabaki kwenye kioo na kuniharibia kipimo. Mtu mwenye hofu moja huona kila kitu kwa jicho la hofu hiyo, na mimi nilikuwa naisubiri ile sitrati kama mtu anayemsubiri mwizi anayemjua.

Dada alikuja asubuhi, na mimba ya miezi minne. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka mapema, na nyumbani kwake mtaa wa Cibitoke, alikoolewa na fundi wa magari, maneno yalikuwa yameshaanza kupita ukutani. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Alitaka mtoto kiasi kwamba hakumtaja kwa jina la mtoto. Alisema tu "hii mambo". "Hii mambo imefika mwezi wa nne," akaniambia akikunja mkono wa gauni. "Pima yote. Usiniache kitu."

Nikamtoa damu. Pale nilipochoma alibana pamba muda mrefu, akaitazama, akaibana tena. "Damu yangu haina adabu," akasema. "Ukiifungulia mulango haitaki tena kufunga." Tukacheka. Ulikuwa mzaha wa zamani wa nyumbani kwetu. Alipotobolewa masikio akiwa mdogo alitoka damu siku tatu, na mama akatangaza kwamba mtoto huyu ana damu nyepesi. Aling'olewa jino, akalala na kitambaa mdomoni siku mbili. Damu nyepesi, tukasema, tukampikia mboga za lengalenga za kuongeza damu. Niliyajua haya yote tangu utotoni. Niliyajua kama unavyojua rangi ya mlango wa kwenu, na kwa hiyo sikuyaona.

Nikaisimamisha tyubu yake kwenye kibao pamoja na za watu wengine wanne, nikasubiri nusu saa. Zile nne ziliganda vizuri. Ya dada niliiinamisha, na damu ikafuata, laini, na chini kabisa utando kidogo kama ngozi ya maziwa. Nikamwita dada tena, nikamtoa damu nyingine, nikaitia kwenye tyubu nyingine. Nusu saa. Vilevile.

Mtu mwenye akili, akili yenye mahali pa kukaa, angejiuliza kwa nini sitrati ibaki kwenye tyubu mbili, zote mbili za mtu mmoja. Mimi sikujiuliza. Nilitoka nje na tyubu mkononi, nikamwita yule mama mbele ya wagonjwa.

"Angalia kazi yako," nikamwambia. "Dawa imebaki ndani. Damu haigandi."

Akafuta mikono kwenye pagne, kitenge alichojifunga kiunoni, akaitazama tyubu, hakunitazama mimi. "Muganga, mi nazisuuza mara saba."

"Basi siku hii umesahau kuhesabu."

"Apana. Sikusahau." Akanipa mkono wake, upande wa ndani juu. "Kamata damu yangu, utie mu tyubu ya kibao hii hii. Kama haigandi, mi nitaenda mwenyewe. Kama inaganda, basi haiko tyubu."

Leo nafundisha vijana wa maabara, na somo la kwanza ninalowapa ni hilo. Kama unakishuku chombo, weka ndani yake kitu unachokijua. Sikulipata shuleni. Nilipewa bure na mwanamke ambaye hajui kusoma, mkono wake umenyooshwa, wagonjwa wakitutazama, na mimi nikaona ananifedhehesha. Nikamwambia kwamba yeye si wa kunifundisha kazi. Mkuu wa kliniki akatoka kusikiliza, akaniamini mimi, kwani mimi ndiye niliyekuwa na koti. Kabla ya adhuhuri yule mama alikuwa ameshafunga kitambaa chake kichwani na kuondoka. Aliacha tyubu zimepangwa juu ya taulo, midomo chini, zote safi.

Nikaizungusha damu ya dada kwenye mashine hivyo hivyo, nikapata maji ya kutosha, nikapima, nikaandika kwamba yote ni kawaida. Kilichobaki nikakimwaga kwenye sinki. Kwenye karatasi sikuandika kwamba damu haikuganda. Nilimpelekea matokeo barazani kwake, akayabusu, akayatia ndani ya droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Mimba ikafika mwezi wa sita. Haikuwahi kufika huko. Alianza kuniambia "mutoto".

Siku risasi zilipolia kaskazini mwa mji, watu wa Cibitoke walitoka na walichoweza kubeba. Mume wake alikuwa gereji, upande wa pili wa mji. Dada alifungua cherehani kutoka kwenye meza yake, akaifunga kwa kitenge, akajitwika kichwani, akatembea nayo hadi Asiatique. Ni chuma kitupu ile. Tulimpokea kwenye mlango wa kliniki, shingo imekaza, akatuambia kwamba meza za mbao ziko nyingi duniani lakini mashini ni moja tu. Alilala kwangu. Kesho yake asubuhi, akiwa anapepeta mchele, alishika meza, akaketi chini, na damu ikaanza.

Hospitali tulifika mapema, hilo silaumu. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Kondo la nyuma lilikuwa limebanduka. Walifanya yote ya kufanywa na damu haikukoma. Kulikuwa na daktari mmoja mzee pale, mgeni wa nchi lakini si mgeni wa mji, na nilimwona akinyoosha mkono bila kugeuka, akiomba tyubu tupu ya kioo. Akatia damu ya dada ndani, akaifumbata ili ipate joto, akatazama saa yake. Dakika kumi. Tulisimama wote tukitazama ngumi ya mzee. Akaifungua, akaiinamisha, na damu ikatiririka yote kama maji ya kunywa.

Nilikuwa nimeshaona hiyo tyubu.

Akaniuliza mambo: masikio, meno, mimba za nyuma. Akauliza kama baba na mama yetu walikuwa ndugu. Walikuwa watoto wa ndugu wawili, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Waislamu wa zamani wa mji huu. Akatikisa kichwa, akasema huenda dada amezaliwa na upungufu wa kitu ambacho jina lake nililijua vizuri: fibrinojeni. Ni protini inayotengenezwa na ini na kuogelea kwenye yale maji ya manjano ya damu. Ukijikata, hugeuka nyuzi, nyuzi hushikana, na damu hunaswa humo ikaganda. Mwanamke akishika mimba mwili wake huiongeza, kwa kuwa kondo nalo huitegemea ili lishike vizuri kwenye ukuta wa tumbo la uzazi. Ikiwa haba, mimba hutoka, au hufika mbali kisha kondo likaachia. Nilikuwa nimeyaandika yote haya kwenye mtihani, nikapata alama nzuri.

Tulilala kwenye vitanda, mimi, baba mdogo na binamu wawili, tukatolewa damu, na ikaingia kwake ikiwa bado na joto letu. Jioni damu ikakoma. Dada akaishi.

Pale nje ya wodi mume wake, amejaa grisi bado, alikuwa akirudia neno moja. "Ile mashini. Mutu na tumbo ya miezi sita, anabeba chuma. Ile mashini ndiyo imeua mutoto." Wanawake wa ukoo wakaitikia. Wakanitazama mimi, mtu wa damu, nithibitishe au nikanushe. Nikajitia hamnazo. Nikatazama viatu vyangu. Sikusema kwamba ni mashini. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kwangu kukahesabiwa kuwa ndiyo. Niliona nafuu, niseme ukweli. Niliona nafuu kabisa.

Kabla hajaruhusiwa, yule daktari aliniita pembeni. Akasema dada anaweza bado kuzaa. Mimba ijayo ijulikane tangu wiki za kwanza, awe anaongezewa plazma mpya, yale maji ya manjano ya damu, mara kwa mara, hadi mwisho. Wachangiaji ni nyinyi ndugu. Ni kazi, lakini ameona ikifanikiwa. "Wewe ni mtu wa maabara," akaniambia. "Mweleze kwa lugha yake, utamweleza vizuri kuliko mimi." Nikasema ndiyo. Akaniagiza pia nipime tena akishapona, kuhakikisha ni asili yake. Nilipima baada ya wiki sita. Nilimwambia naangalia kama damu imeongezeka. Safari hii nilitia yake kwenye tyubu moja na yangu kwenye nyingine, tyubu mbili nilizoziosha mwenyewe. Yangu iliganda.

Daktari aliondoka nchini muda si mrefu. Nikabaki mimi peke yangu mwenye habari.

Nilipanga kumwambia. Nilisema apone kwanza. Halafu nikasema barabara zitulie, kwani plazma gani itapatikana wakati wa vita, friji zenyewe zinakosa umeme. Halafu mume akamwacha, akaoa mke mwingine, na nikasema sasa haina haja. Kila sababu ilikuwa nzuri. Lakini chini yao zote ilikuwapo moja: huwezi kumweleza mtu kwamba damu yake haigandi bila kuulizwa ulijua lini. Mficha uchi hazai, husema watu, na mimi nilikuwa naficha uchi wangu, asiyezaa akawa ni yeye.

Cherehani dada hakuigusa tena. Aliitoa, ikaenda kwa mtu wa mbali. Alirudi kupanga chumba Cibitoke, akawa anauza ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, sokoni, na mikono iliyokuwa ikinukia vitambaa vipya ikanuka samaki. Mteja wa zamani akimsihi amshonee, alijibu kwamba macho yamechoka. Niliyaona macho yake yakitoa jiwe dogo kwenye sinia la mchele kutoka upande wa pili wa chumba. Nilijua hayakuchoka. Nilikula wali wake nikanyamaza.

Ilipita miaka sita. Vita vilikuwa vinapoa, watu wanaanza kupaka kuta rangi. Siku moja nilitumwa kumtoa damu mzee mmoja mgonjwa nyumbani kwake, mtaa wa Kinanira juu kilimani, na uani kwake kulikuwa na mama anaanika mashuka. Nilivijua vidole kabla ya uso. Akanisalimu kwa heshima zote, "Muganga," kama vile nilikuwa sijamfanya kitu.

Nikamwambia palepale, mkoba wa kazi begani, nikiogopa kwamba nikiuweka chini nitabadili nia. Kwamba tyubu zilikuwa safi. Kwamba ni damu yenyewe iliyokuwa na tatizo. Kwamba alisema kweli na mimi nilimfukuzisha.

Aliendelea kunyoosha pembe za shuka. "Mi nilijua ziko safi," akasema. "Sikuhitaji kungoja miaka sita." Akachukua kibanio. "Ile damu ilikuwa ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Mutoto alizaliwa?"

"Apana."

"Pole." Alisema hivyo kwa moyo, nilisikia. Kisha akaniuliza kama dada anajua. Nikasema hajui. Akainama kwenye karai, akakamua shuka lingine. "Basi si mi ulipaswa kuanza naye, Muganga."

Nilishuka kilima kwa miguu. Nilifika Cibitoke saa kumi alasiri, nikamkuta dada mlangoni anachambua ndagala, kichwa huku, mchanga kule. Nikaketi kwenye kigoda. Nikamsimulia yote, tyubu ya kwanza, ya pili, mkono wa yule mama, daktari na maneno yake, tyubu mbili za wiki ya sita. Vidole vyake viliendelea na kazi hadi nilipomaliza, kisha vikasimama.

"Kumbe haikuwa mashini," akasema.

"Haikuwa mashini."

"Miaka hii yote mi nasema niliua mutoto kwa sababu ya chuma."

Nilitaka anitukane, nilikuwa nimekuja tayari kwa matusi.

"Na dokteri alisema ningeweza kupata mwengine?"

"Alisema."

"Nilikuwa na miaka gapi siku hiyo?"

"Thelathini na minne."

Sasa alikuwa anakaribia miaka arobaini na mmoja, na sote tulijua kuhesabu. Halafu akainuka, akaniletea chai, kwa kuwa mgeni haondoki nyumbani kwake bila chai, nikainywa. Haikuwa na sukari. Sijui kama alisahau.

Baada ya mwezi akanunua cherehani iliyotumika, akaiweka kwenye baraza nyingine, si ile ya zamani, lakini ni Asiatique palepale. Kitu cha kwanza alichoshona kilikuwa gauni la kitenge la mwanamke mrefu mwembamba. Vipimo aliniuliza mimi, nikamwonyesha kwa mikono. Akalikunja, akalitia kwenye gazeti, akanipa. "Peleka Kinanira," akasema. "Umwambie limetoka kwa mwenye damu." Nikalipeleka. Lilimkaa vizuri.

Tangu hapo dada amewashonea wote. Amewashonea watoto wangu sare za shule, amemshonea mke wangu, baba mdogo alipofariki alishona sanda. Hunisalimu, hunikaribisha, huniuliza habari za kazi na kusikiliza jibu. Lakini koti langu lilipochanika mfuko nilimpelekea, nikaliweka mezani kwake. Kesho yake nikalikuta palepale, limekunjwa vizuri, limepigwa pasi, mfuko umechanika vilevile.

Nimelishona mwenyewe. Nyuzi zangu hazishiki, kila baada ya wiki chache narudia.